Jumamosi za Kusaka Makasha

Desemba hapa Portland, Oregon, jua linazama saa kumi na nusu jioni. Juni linazama saa tatu usiku. Nilipomweleza mama kwa simu, yeye akiwa Lushoto, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza kama nimekula. Kwake, na kwangu kwa miaka yote niliyoishi nyumbani, magharibi huingia saa kumi na mbili na ushei, iwe Januari iwe Julai. Saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya ahadi hiyo: kukikucha tunaanza kuhesabu moja, giza likiingia tunaanza upya. Hapa nilipo, kwenye digrii 45 kaskazini, katikati ya ikweta na ncha ya dunia, jua halina ahadi na mtu.

Mwaka wangu wa kwanza ulipita bila mimi kujua kwamba umepita. Nilitoka ghalani nikaingia kwenye basi, nikatoka kwenye basi nikaingia ndani. Mvua ilianza, mvua ikaisha. Ninachokijua leo kuhusu majira ya nchi hii nimekijua siku za Jumamosi, miguu ikiwa topeni, nikitafuta kopo.

Mchezo wenyewe kwa jina lake la kimataifa ni jiokeshingi. Mtu anaficha chombo mahali, anachukua koodineti za pale, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani, anaziweka mtandaoni. Wewe unazifuata kwa simu au kwa kifaa cha GPS mpaka ufike. Ukikipata unaandika jina na tarehe kwenye daftari lililomo ndani. Ukichukua kitu unaacha kingine chenye thamani ileile, kisha unakirudisha chombo vilevile ulivyokikuta. Ni kombolela, ila aliyejificha hatoki mbio. Sisi tunasema tunasaka makasha. Neno hilo alilileta dada wa Likoni siku ya kwanza kabisa. Aliwasikia Wamarekani wakitamka neno lao la kitu kilichofichwa, linasikika kama "kash", akasema: "Si ni kasha hilo? Mbona tunalo."

Tuko wanne. Dada wa Likoni analea wazee zamu ya usiku. Mwanawe ana miaka tisa na macho ya mwewe. Yaya ni mtu wa Bukavu, mashariki ya Kongo, mkubwa wetu kwa umri, mwenye gari na mwenye subira. Yaya kwao ni kaka au dada mkubwa, na sote tumelishika hilo kama jina lake. Mimi huniita Mwalimu, kwa sababu nilifundisha Korogwe kabla ya kuja huku. Tulikutana kwenye foleni ya ofisi moja ya karatasi, tukasikiana Kiswahili, tukakisikiliza vizuri tukagundua ni Kiswahili vitatu.

Jambo ambalo hatukulijua wakati tunaanza ni kwamba tuko kwenye shina la mchezo. Zamani jeshi la Marekani, ambalo ndilo lenye setilaiti za GPS, lilikuwa likiivuruga kwa makusudi ishara ya watu wa kawaida, hivi kwamba kifaa kingeweza kukukosesha hata mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 Rais Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome, na usiku mmoja tu vifaa vya dunia nzima vikawa sahihi zaidi. Tarehe 3 Mei, mtu aitwaye Dave Ulmer alichukua ndoo nyeusi ya plastiki akaifukia nusu porini karibu na Beavercreek, mwendo mfupi kwa gari kutoka tunapoishi, akatangaza koodineti zake mtandaoni: N 45° 17.460, W 122° 24.800. Ndani aliweka vitabu, kanda za video, programu ya ramani, manati na kopo la maharage. Ndani ya siku tatu watu wawili walikuwa wameshaipata. Leo makasha yaliyofichwa duniani ni zaidi ya milioni 3.

Tulikwenda pale Mei yetu ya kwanza. Ndoo haipo tena, kuna bamba la ukumbusho kando ya barabara ya msituni, na pande zote ni misonobari ya Douglas tu na ukungu. Mtoto alisimama juu ya namba zile, simu mkononi, hasogei hata unyayo, akatuambia tumpige picha. Mimi lililonigusa ni maharage. Kanuni za sasa zinakataza kufukia kasha ardhini bila ruhusa ya mwenye ardhi, na zinakataza kabisa kuweka chakula, maana wanyama hunusa wakalibomoa. Mwanzilishi alivunja zote mbili, kwa vile hapakuwa bado na kanuni. Alitaka tu kujua kama mgeni asiyemjua angeweza kukifikia kitu chake kwa namba peke yake.

Lakini nimeruka. Sisi tulianza Oktoba.

Oktoba ilituletea ugomvi wa maneno. Mtoto alikuwa amefundishwa shuleni kwamba mwaka una majira manne, akataka majina yake kwa Kiswahili. Kamusi inasema kipindi majani yanapopukutika ni vuli. Mama yake akakataa: vuli ni mvua ndogo, za kuanzia Oktoba mpaka Desemba, ndizo wanazozijua Pwani. Yaya akasema kwao hakuna vuli wala nini, kuna masika na kuna kipwa, mvua na ukame, na mtu akikuambia zaidi anakuongopea. Tulibishana kutoka Gresham mpaka tulipoegesha. Tuliposhuka, mvua ya kwanza ya Oregon ikawa inaanza, ndogo, ya kunyunyiza, na juu yetu mepo ya majani mapana kuliko sahani inadondosha jani moja moja la njano. Dada alitazama juu akasema, "Haya, ni vuli." Lilifaa kwa wote. Toka siku hiyo hatujalibadilisha.

Siku hiyo tulikuwa bustani ya Oxbow, kwenye mto Sandy, ambako samoni hurudi vuli kutaga. Wanazaliwa mtoni, wanakwenda kuishi bahari kuu miaka kadhaa, kisha wanapanda mto uleule, wanataga, wanafia hapohapo. Kasha lilikuwa mbali kidogo na maji lakini harufu ilitukuta njiani. Dada wa Likoni ni mtoto wa mvuvi. Alisimama ukingoni anatazama samaki wa urefu wa mkono mzima wanaoza juu ya mawe, hakuna anayewaokota, na ilimuuma kweli. Mtoto alimweleza alichosoma kwenye ubao: mizoga ile ndiyo mbolea ya msitu, na vidudu vinavyokula mizoga ndivyo vitakavyowalisha samaki wachanga. Alisikiliza, akakubali kwa kichwa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini kilo ngapi zile.

Na ilikuwa vuli hiyohiyo, kasha letu la tatu, lililotokea jambo ambalo kwangu ndilo lililotufanya tuendelee.

Tulikuwa kwenye msitu upande wa Estacada. Chini ya misonobari ile mirefu simu hupoteza akili. Kifaa kinahitaji kusikia setilaiti nne angalau, nazo ziko juu kilomita 20,200, na ishara yake ni nyonge mno; matawi yaliyolowa huizuia, vigogo huirudisha pembeni, basi mshale unakuambia mita 6 mbele, unapiga hatua mbili, unakuambia mita 14 nyuma. Ukifika hapo unaizima simu na kuanza kutumia macho. Siri tuliyokuja kuijua ni hii: tafuta palipopangwa. Msitu haupangi vijiti. Ukiona magamba ya mti yamelazwa sambamba, yote yakielekea upande mmoja, hapo ameshapita binadamu.

Mtoto ndiye aliyeona. Aliondoa magamba, likatokea sanduku la bati, rangi ya kijani ya jeshi, lina maandishi ya njano yaliyofifia, kitasa cha kukunja juu na komeo la chuma ubavuni.

"Mutoto, rudi nyuma." Yaya hakupaza sauti. Alisema chini chini, na kwa sababu hiyo sote tulirudi nyuma. "Musiguse. Hii ni sanduku ya masasi."

Masasi kwao ni risasi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu Bukavu ilipoanguka vitani, Oktoba 1996. Masanduku yale anayajua uzito wake yakiwa yamejaa. Sikuwahi kumuuliza zaidi na sitamuuliza.

Tulikaa vile kama dakika nzima, mvua inadondoka kutoka kwenye matawi. Kisha dada akasema, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi, "Yaya, nifungue mimi?" Yaya akatikisa kichwa, akapiga goti mwenyewe, akamsukuma mtoto kwa mkono wa kushoto mpaka nyuma ya mgongo wake, na kwa mkono wa kulia akanyanyua komeo. Lilikuwa gumu. Mfuniko ulipofunguka ulitoa mlio mdogo wa hewa, kwa ajili ya mpira unaouzunguka ukingo wake. Ndani: mfuko wa plastiki wenye daftari, kigari cha kuchezea, chura wa mpira, kishikio cha funguo, na kalamu tatu zilizochongwa.

Dada alichungulia begani kwake. "Ni kalamu za risasi, Yaya. Risasi zilizomo ni hizo tu."

Alichukua moja, akaigeuzageuza vidoleni. Kwenye mchezo huu watu huandika jina la kubuni. Yaya aliandika majina yake yote manne, la baba na la babu likiwemo, kwa mwandiko wa shule, akaweka tarehe, akafunga komeo, akalirudishia magamba yake moja moja.

Baadaye nilijifunza kwamba masanduku yale yanapendwa na wasakaji kuliko chombo kingine, kwa sababu jeshi huyauza yakishatumika na mpira wake hauingizi maji. Kwa nchi ya mvua kama hii hakuna kasha bora. Tumeyakuta mengi tangu siku ile. Kila mara Yaya ndiye anayefungua, na mtoto anasubiri nyuma yake bila kuambiwa.

Kipupwe cha huku ni kirefu na kinachosha. Mvua si ya radi na mafuriko kama masika ya kwetu. Ni ya siku nzima, nyembamba, haina haraka. Desemba inabidi tutoke kabla hakujapambazuka ili turudi na mwanga, na dada akitoka zamu saa moja asubuhi huja moja kwa moja, analala garini kwa dakika arobaini, ndio usingizi wake wa siku. Ramadhani imekuwa ikituangukia mwishoni mwa kipupwe, basi mwezi huo tunasaka makasha ya jirani tu, ya ukubwa wa kidole, yale yenye sumaku yanayobandikwa nyuma ya vyuma. Adhuhuri dada hutandika kanga yake chini ya mti, simu ileile ya kutafutia kasha ikamwonyesha kibla. Aliniambia kitu ambacho sikukitarajia: Likoni walikuwa wakielekea kaskazini, na hapa, ng'ambo hii ya dunia, bado ni kaskazini, unapinda kidogo tu mashariki.

Mjini hatusaki sana. Mchezo unashauri ujifichefiche, asiyecheza asijue unafanya nini. Shauri hilo ni zuri kwa mwenye sura ambayo haimshtui mtu. Sisi, watu wazima watatu weusi tunaopekua ua wa mtaa wa watu na kuangaza tochi, tulipata gari la polisi Januari moja, likasimama, taa zikatumulika usoni huku mtoto akitazama. Afisa alisikiliza, akaondoka, hakuna lililotokea. Ila mtoto aliacha kuzungumza mpaka tukafika nyumbani, na mimi kile kimya sikukipenda. Tangu hapo tunafanya kinyume cha ushauri. Nilileta kutoka kazini vizibao vya njano vinavyong'aa, vinne, kimoja tumekipunguza kwa sindano. Tunavivaa, tunabeba mfuko wa takataka tunaokota njiani, tunazungumza kwa sauti, tunamsalimia kila mtu. Wengi husimama wakauliza. Bibi mmoja mwenye mbwa tumemfundisha mpaka sasa ana makasha mengi kuliko sisi.

Majira ya kuchipua hupita upesi, nami nitayapita upesi: Machi na Aprili chini ya msitu hutoka ua jeupe la petali tatu, trilium, na watu wa hapa watakukemea ukilichuma. Nao wana haki, mmea wake huchukua miaka mingi kabla ya kutoa ua la kwanza.

Kiangazi ndicho kinachonikumbusha kwetu, kwa ukavu wake. Kuanzia Julai mvua husahaulika kabisa. Dada akitoka zamu analala mpaka mchana, tunatoka saa tisa, na bado tuna saa sita za mwanga. Agosti beri nyeusi zimejaa kando ya kila njia, tunarudi na vidole vya zambarau. Ila kuna mmea wa majani matatumatatu unaowasha kuliko upupu; Yaya aliupangusa kwa mkono akidhani ni majani tu, akakaa wiki mbili hawezi kushika usukani vizuri. Na kuna moto. Tumetembea kwenye bonde la mto Columbia, sehemu iliyoungua Septemba 2017, karibu hekta 20,000, baada ya kijana kurusha fataki korongoni. Vigogo vyeusi bado vimesimama, na chini yake majani mapya yanafika kiunoni. Pale, kwa kuwa matawi hayapo na anga iko wazi, mshale wa simu hautikisiki. Unakupeleka moja kwa moja. Ningefurahia zaidi upotee.

Mwaka wa pili tuliamua kuficha letu. Si jambo la kwenda kutupa kopo porini. Unaomba ruhusa kwa mwenye ardhi, unahakikisha hakuna kasha jingine ndani ya mita 161, unapeleka maelezo kwa mkaguzi wa kujitolea naye anaamua. Na ukishaficha wewe ndiye mlezi: likilowa, likipasuka, likiibwa, ni lako. Sitasema liko wapi, ila unasikia mto kutoka hapo.

Tulibishana juu ya chombo. Mimi nilitaka sanduku la jeshi. Nilikuwa na sababu zote: mpira, bati, bei. Yaya alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema, "ya wengine nitafungua. Yangu, hapana." Dada alinitazama, nikanyamaza. Tukanunua chombo cha plastiki cha kuwekea chakula, chenye klipu nne. Mtoto alilipaka rangi ya gome. Ndani tuliweka daftari, kalamu za risasi sita, shanga, na sarafu ya Tanzania ya shilingi 50 yenye faru na mtoto wake. Dada alitaka kuweka ubuyu. Kanuni ikamzuia, na nadhani bado hajaisamehe.

Plastiki haiwezi kipupwe cha Oregon. Baridi inaifanya ngumu, klipu inaachia kidogo, maji yanaingia. Kwa hiyo kila mwezi kuanzia Novemba tunakwenda kulitazama. Nimelaani safari hizo mara nyingi moyoni, hasa ile ya mlimani kwenye barafu nyembamba. Lakini ni kwa ajili ya safari hizo kwamba napajua mahali pale kama ninavyoujua uwanja wa nyumba ya mama. Mti wetu najua upande wenye kuvu. Najua mto unanguruma Januari na Agosti unanong'ona. Najua Februari jua linapita kati ya vigogo viwili saa nane mchana, likawaka juu ya jiwe letu kwa muda wa kama robo saa, kisha basi.

Mara ya mwisho tumekwenda Februari hiyo. Klipu mbili zilikuwa wazi, daftari limeloa mpaka katikati. Yaya hakusema kitu, nami sikusema kitu kuhusu mpira na bati. Tulilipeleka garini, akawasha hita mpaka mwisho, tukalishikilia wazi mbele ya tundu la hewa, kurasa zinainuka moja moja, vioo vimejaa mvuke. Wino wa kalamu za kawaida ulikuwa umetawanyika, majina yamegeuka mawingu ya buluu. Yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi yalikuwa yote yanasomeka. Mtoto aliyasoma kwa sauti: mtu wa Idaho, wa Ujerumani, bibi wa mbwa mara mbili, na mmoja aliyeandika kwa herufi kubwa kwamba amechukua faru na ameacha kipande cha kioo cha baharini.

"Kiko wapi hicho kioo?" dada akauliza.

Tukamwaga vilivyomo juu ya kiti tukaanza kutafuta.